Ile Uji Nilimpikia Mamako

Achieng',

Niaje, madam. Hivyo ndio nakusalimia kila jioni nikitoka kazi, na wewe unajibu "poa, fundi" bila hata kuinua kichwa kwa kitabu. Leo naanza na hiyo salamu juu nikianza na ingine nitaogopa, nitaacha.

Hii karatasi nimetoa katikati ya kitabu yako ya zamani ya hesabu, ile ulitupa chini ya kitanda. Ukiona makosa usiweke kalamu nyekundu. Wewe ndiye ulinifundisha kuandika hivi. Ulikuwa grade two, mimi mtu mzima na ndevu, unaniambia, "Baba, R inaangalia huku, haiangalii huko." Sijawahi kukuambia asante. Asante.

Saa hii wewe na mamako mko Kawangware 56, kwa saluni ya auntie yako Beatrice, unasukwa laini za shule. Mimi nimeomba ruhusa kazini. Bosi ameniuliza, "Odhis, kwani mtoto anaolewa?" Nikamwambia anaenda shule, kesho. Vijana wakazima mashine ya mifupa wakasema eti leo fundi ameongea sentensi nzima. Wananipenda pale, lakini wananicheka. Mimi napenda hiyo kazi juu ya kelele. Ukiwa unakata mfupa na kuulainisha uwe shanga, hakuna mtu anakuuliza kitu. Unatoka jioni ukiwa mweupe vumbi kichwa mpaka miguu, na hujaulizwa kitu.

Mambo ya sanduku na sabuni na kuamka mapema, mamako amekuambia mara mia. Mimi huko siendi. Mimi nataka kukuambia kuhusu ile siku ya kelele, na kenye sikusema.

Unaikumbuka. Ulitaka uende na simu, mamako akakataa, ukakasirika. Ukamwambia, "Si ungezaa wengine basi, ndio usinikalie mimi peke yangu kichwani! Dani alisema ulikataa dawa yake kwa maringo, ndio maana uko na mtoto mmoja!"

Mamako alikuwa anakata sukuma. Kisu ikasimama. Hakukuangalia wewe, aliangalia mimi. Hakuwa na hasira, alikuwa anangoja tu. Mtu yeyote angejua anangoja nini. Na mimi nikainama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Achieng', hiyo siku nilikuwa nimevaa sandali.

Sijui kama uliona. Wewe huona vitu. Lakini hukujua ni nini unaona, na hiyo si makosa yako. Hayo maneno umelishwa tangu ukiwa mdogo. Kila Disemba tukienda shags, huko kijijini, dani, mamangu mimi, anayasema akichambua mboga, anayasema kwa mazishi, mara moja aliyasema hata kanisani. "Lilian alijiona mtu wa mjini. Nilimtumia dawa ya kufungua njia, akaikataa. Ona sasa." Wanawake wanatingisha kichwa, na mamako anaosha vyombo. Mimi nimekaa na wanaume hapo nje, nasikia kila kitu.

Na kesho unaenda kukaa kwa huyo dani, miaka mitatu, juu shule iko karibu na kwake. Hayo maneno utayala na ugali kila siku. Ndio maana sasa lazima niandike.

Mamako hakukataa hiyo dawa. Aliikunywa. Mimi ndiye nilimpa, na yeye hakujua.

Nimeandika. Ngoja nikunywe maji.

Sasa nitakuambia polepole kutoka mwanzo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mamako alikuwa anakaa na Beatrice huko Kabiro, nikamtoa huko nikamleta hapa Sarang'ombe, nyumba ile ya kwanza yenye maji ilikuwa inaingia chini ya mlango. Mimba yako ilikuwa rahisi. Mamako hakukosa kliniki hata siku moja. Alikuwa anabeba kile kitabu cha kliniki ndani ya karatasi ya nailoni kama ni Biblia. Huko nesi aliwaambia wote, dawa za kienyeji msikunywe wakati wa uchungu, na kama umekunywa, usiogope, sema. Mamako akarudi akaniambia hayo yote. Nikatingisha kichwa.

Wiki hiyo hiyo binamu yangu akafika kutoka shags na mzigo wa dani. Omena, unga ya mtama, na chupa mbili za soda zimezibwa na magunzi. Moja ilikuwa ya kuogea. Ingine ilikuwa ya kufungua njia, nyeusi, ukiifungua inanuka kama ardhi imenyeshewa. Mamako akashukuru, akachukua omena na unga, hiyo chupa nyeusi akaisukuma huko nyuma ya jiko. Akasema, "Mwambie mama nimeshukuru, lakini hii sitakunywa. Nesi amekataza." Hakusema na maringo. Alisema na heshima.

Mimi nikampigia dani simu nikiwa nje. Dani akasema, "Wuoda, mwanangu, huko hospitali watampasua. Wewe mwenyewe nilikuzaa na hiyo dawa, na ndugu zako wote. Akikataa, weka kwa uji. Kidogo, kifuniko moja ya chupa. Lakini sikia vizuri: hiyo ni ya mtu anazalia nyumbani. Ukimpa usimtoe. Mwite kwanza yule mama mzee wa ploti yenu anayezalisha, akae na yeye."

Hivyo ndio alisema. Nataka ujue dani alisema ukweli wake wote. Yeye hakuwa na ubaya. Amezalisha wanawake wengi kuliko miaka yangu, na akiwapa anakaa hapo, mkono kwa tumbo, mpaka mwisho. Hawapi halafu aende.

Sasa utaniuliza, kwa nini nilimpa? Watu wakisikia watasema nilimtii mama. Hapana. Kama ingekuwa hiyo ningeshasema zamani. Ukweli ni hii, na hii ndio inaniuma kuliko yote. Niliogopa karatasi.

Mimi nilitoka shule darasa la tano. Jirani yetu mmoja alikuwa ameniambia bibi yake alipoenda kuzaa, walimpatia yeye bwana karatasi, "jaza hapa, weka sahihi hapa." Mamako hakuwa anajua mimi sisomi. Nilikuwa nimemdanganya macho yangu ni mabaya. Alikuwa amemaliza darasa la nane, anaandika vizuri, na mimi nilikuwa nalala nikiona hiyo siku, nesi ananipa kalamu na mamako anaangalia. Nikaona akizaa hapa nyumbani hakuna karatasi, basi. Hiyo ndio sababu, Achieng'. Ilikuwa aibu ya kusoma.

Uchungu ulianza alfajiri, kidogo kidogo. Mamako akasema tungoje, iko mbali bado. Nikamwambia, "Lala, leo mimi ndiye napika." Alicheka mpaka akashika tumbo. Nilikuwa sijawahi kupika kitu tangu anijue. Nikapika uji ya mtama, ile unga ya dani. Nikaweka sukari nyingi na ndimu mbili nzima ndio asisikie uchungu wa ile chupa. Kifuniko moja. Halafu nikaona kifuniko moja ni kidogo sana kwa sufuria kubwa hivyo, nikaongeza ya pili. Na ya tatu.

Unajua sasa ni uji gani.

Ndiyo, ni ile. Ile uji ya ndimu. Ile amekuambia tangu uko mdogo, ukinikasirikia anakuambia, "Baba yako haongei, lakini siku ulizaliwa alinipikia uji kwa mikono yake, na hiyo tamu sijaionja tena." Wale wa saluni wanajua hiyo hadithi kuliko mimi. Nikipita kumchukua wanaanza, "Mama Achieng', bwana yako amekuja kusalimia viatu vyetu!" Na yeye anajibu hata kabla nikae, "Wacheni bwana yangu. Hawa wenu wanaongea sana wamewahi kuwapikia nini? Hata maji ya moto!" Wanacheka, wananyamaza. Mimi nasimama hapo na shingo yangu imeinama, na wao wanasema ona venye ni mpole.

Miaka kumi na nne nimekula sifa ya hiyo uji.

Alikunywa vikombe viwili. Haikukaa sana. Uchungu ukaja kama mtu anampiga, hapumziki, mmoja haujaisha mwingine umefika. Nikaenda kumwita mama mzee wa ploti, nikakuta kufuli. Alikuwa ameenda matanga. Hapo ndio nilikumbuka dani alisema nimwite kwanza. Nikashikwa na woga. Vijana wawili wa ploti wakanisaidia tukambeba mpaka barabarani, tukapata gari ya mtu, tukafika hospitali.

Kufika, uchungu ukawa umelegea. Ukaja vibaya vibaya, halafu ukakaa. Nesi alikuwa mama mmoja mnene wa sauti ya chini, hakutupigia kelele. Akamshika mamako tumbo, akamuuliza, "Mama, nyumbani umekunywa dawa yoyote? Ya mizizi, ya majani, hata ya kuonja tu? Hapa hakuna mtu atakugombanisha. Nataka tu nijue ndio nijue nifanye nini."

Mamako akasema, "Hapana sista. Hata nilitumiwa na nikakataa." Alisema na kiburi kidogo, ile kiburi ya mtoto amefuata maneno ya mwalimu.

Halafu nesi akaniangalia mimi. "Baba, ni kweli?"

Nikatingisha kichwa. Ndiyo, ni kweli.

Nimerudi kwa hiyo dakika mara nyingi kuliko ile nimeingia kanisa. Mlango ulikuwa wazi. Jua lilikuwa limeingia mpaka kwa kitanda. Ilikuwa kusema neno moja. Lakini ningesema, mamako angejua. Nikaona wacha kwanza azae, nitasema baadaye.

Nesi akafanya kitu sawa kabisa, kulingana na venye alikuwa ameambiwa. Wakamwekea dripu ya kuharakisha. Karibu saa sita, jua likielekea kichwani, nikasikia mamako amepiga nduru moja, si ile ya kuzaa, halafu akanyamaza, halafu watu wakaanza kukimbia.

Mimi sijasoma, siwezi kukuambia ni chupa ama ni dripu ama ni zote mbili zilikutana. Daktari alitoka akiwa anatoa glavu, akasema kizazi kimepasuka. Akasema, "Mtoto wa kwanza huwa si kawaida kipasuke hivi. Kuna kitu mlimpa?" Nikasema hakuna. Mara ya pili hiyo.

Wakaniletea karatasi. Ile ile nilikuwa nakimbia. Ilikuwa ya kuwaruhusu watoe kizazi ndio mamako asikufe. Nesi akaona naishika kichwa chini, akaichukua polepole, akanisomea mstari kwa mstari, bila kunicheka. Halafu akanionyesha pahali pa kuandika jina. Haikuchukua hata muda wa kuvuta sigara. Kitu niliogopa mpaka nikampa mamako dawa kwa siri kilikuwa ni hicho tu.

Wewe ulitoka kimya. Walikupiga mgongo mpaka nikafikiria hata wewe umeenda. Halafu ukalia. Saa sita mchana, jua kali, ndio ukaitwa Achieng'.

Dani akapiga simu jioni. "Ulimpa?" Nikamwambia, "Alikataa, mama." Sikupanga. Ilitoka tu. Kama ningesema nilimpa, angeuliza ni kiasi gani, na kama mama mzee wa ploti alikuwepo, na kwa nini nilimtoa nyumbani. Kwa hivyo nikaficha hospitali mambo ya dani, nikaficha dani mambo ya hospitali, na kila mmoja akaniamini juu mimi ni mtu mpole. Mzigo wote ukaangukia mwenye alikuwa amelala na hajui chochote.

Hiyo ndio imenifundisha kitu, na sijui kama ni somo ama ni kidonda tu. Kimya yangu watu wanaiita upole. Si upole. Nimejiangalia sana, hiyo ndio kazi yangu, kuangalia. Mtu mpole anaweza kusema kitu kinamgharimu, na sauti ya chini. Mimi nilikuwa nanyamaza ndio nisigharimike. Na wewe, samahani, umechukua uso wa mamako lakini kimya ni yangu. Ulipovunjika mkono ulikaa siku mbili na sweta ndio tusione.

Siku moja wewe pia mtu wa kukutibu atakuuliza kitu, ukiwa mgonjwa ama ukiwa na mimba yako, na utasikia kinywa chako kinataka kufunga. Sitakuambia ufanye nini. Nakuambia tu venye ilikuwa upande huu.

Na kuhusu dani. Amesema anataka kukuonyesha miti yake kabla macho yake yaishe. Mwache akuonyeshe. Kuna ile ya tumbo, ulipokuwa mdogo ilikusaidia, mimi niliona. Jifunze yote. Lakini muulize hii ni ya nani, ni ya wakati gani, nani akae na mgonjwa. Atakujibu. Mimi ndiye sikuuliza, na kenye aliniambia bila kuuliza sikufuata.

Nilimwambia mamako Jumapili iliyopita. Wewe ulikuwa choir. Nilisema nikiwa nimesimama, mkono kwa mlango, kama mtu anataka kutoroka. Nilimaliza. Hakulia, hakunirushia kitu. Halafu akauliza kitu kimoja.

"Ile ya ndimu?"

Nikasema ndiyo.

"Kwa hivyo ndimu ilikuwa ya kuficha."

Nikasema ndiyo.

Akaenda akafua nguo zilikuwa tayari zimefuliwa. Jioni akarudi akasema, "Mpigie mamako. Leo. Nikiwa hapa nasikia."

Nikapiga. Nilipomaliza, kwa simu nilisikia kuku peke yake. Halafu dani akasema, "Miaka yote hii nimekuwa namsema huyo msichana bure? Mpe simu." Mamako akatoka na simu mpaka kwa kamba za nguo. Aliporudi nikamuuliza amesema nini. "Hajasema pole. Amesema mtoto abebe blanketi nzito, kwake kuna baridi." Halafu mamako akacheka kidogo, kile kicheko cha pua. Hicho ndio kicheko cha kwanza alinipa wiki hii. Kingine bado.

Mimi nilikuwa nimepanga kuficha hii barua chini ya sanduku, uipate ukiwa shags. Nilimwambia mamako hivyo asubuhi. Akaniangalia, akasema, "Bado unatafuta mlango wa nyuma? Mpe kwa mkono. Akiwa na swali, uwe hapo."

Basi nitakupa kwa mkono, mkifika tu. Na kuna kitu wewe unajua saa hii na mimi sijui. Leo mko saluni, na najua wale wamama. Mtoto anaenda, lazima wamemwambia mamako, "Hebu turudie ile ya uji, Achieng' aage nayo." Wewe ulikuwa umekaa hapo na kichwa chako kwa mikono ya Beatrice. Ulisikia kama aliisimulia ama alinyamaza. Kama alinyamaza, sasa unajua kwa nini. Kama aliisimulia, basi alinibeba tena mbele ya watu, akijua, na hiyo deni mimi sitawahi kuimaliza.

Kesho asubuhi nimemwomba nikupikie uji kabla uende. Alifikiria. Akasema nipike, lakini atakaa kwa stuli hapo karibu na jiko, aone mikono yangu. Utamwona amekaa hapo. Usidhani anacheka mapishi yangu.

Nasikia sauti zenu kwa njia, huko kwa mfereji. Mamako anasalimia mtu. Nakupa hii na natoka nje, nitakaa kwa ule mtungi umepinduliwa, hapo mbele ya ploti yote. Soma yote. Halafu toka uniulize, hata kama wote wanasikia. Chochote.

Sitainama.

Baba yako,
Odhiambo